Natafuta Mtoto, na Moyo Umechoka

Barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka kwa watu wanaotafuta mtoto huuliza kuhusu dawa, vipimo au siku za kukutana. Tatu nilizozichagua mwezi huu zinauliza jambo ambalo hospitalini huwa halipewi nafasi, nalo ni namna ya kulinda usingizi, ndoa na udugu wakati mimba inasubiriwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa analotwishwa mwandishi wake wanatwishwa wanawake wengi, na nisingependa lipite bila kupingwa.

*Shikamoo Mama Mkunga,*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Morogoro, na huu ni mwaka wa tatu tangu nifunge ndoa. Hatujawahi kutumia njia yoyote ya uzazi wa mpango na mimba haijaingia hata mara moja, ingawa hedhi yangu haibadiliki. Mwaka jana tulikwenda hospitali. Nilipigwa ultrasaundi na kupimwa homoni, nikaambiwa sina tatizo linaloonekana. Mume wangu naye alipimwa manii, majibu yakawa mazuri. Daktari alituandikia kipimo cha mirija, lakini mpaka leo sijakwenda, kwa kuwa naogopa maumivu na naogopa zaidi majibu.*

*Siku ya ishirini na tano ya mzunguko ikifika, huanza kununua vipimo vya mkojo. Navificha kabatini chini ya kanga, naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nakwenda chooni na tochi ya simu, kisha nakigeuzageuza kipimo kwenye mwanga nikitafuta mstari wa pili ambao haupo. Hedhi ikija silii mbele ya mume wangu. Nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji. Mtaani wenzangu wote wanaitwa mama fulani, mimi bado naitwa mke wa fulani. Wifi yangu aliyeolewa baada yangu amejifungua juzijuzi na sikwenda kumwona mzazi; nilisingizia homa. Sasa ukoo mzima unasema nina kijicho.*

*Linaloniumiza kuliko yote ni ushauri. Mama yangu mzazi, dada zangu, hata muuguzi mmoja, wote wananiambia, "Acha mawazo, ukiacha kufikiria utashika mimba." Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, na sasa nalala nikijilaumu kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayeizuia mimba kwa mawazo yangu. Je, ni kweli? Na nifanye nini ili nitulie?*

*Mke wa mtu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yote uliyoyabeba peke yako. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine hayawezi kukaa sawa kabla hilo halijakaa sawa: huizuii mimba kwa mawazo yako. Mwaka 2011 Jacky Boivin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walikusanya tafiti 14 zilizowahusu wanawake 3,583 waliokuwa wakielekea kwenye matibabu ya uzazi ya maabara, yale ambayo yai na mbegu husaidiwa na wataalamu kukutana, wakaangalia kama walioanza matibabu wakiwa na wasiwasi na huzuni nyingi walikosa mimba kuliko walioanza wakiwa watulivu. Hawakukuta tofauti hiyo. Kama mawazo yangekuwa na nguvu ya kufunga kizazi, hapo ndipo yangejionesha, maana hao ni wanawake waliokuwa na kila sababu ya kuwaza. Nami katika kazi yangu ya ukunga nimewazalisha wanawake walioshika mimba katikati ya msiba, katikati ya ugomvi mkubwa wa ndoa, na katikati ya umaskini wa kutojua kesho watakula nini.

Sitakuficha upande wa pili. Huzuni ikifika mahali pa kumfanya mtu asile mpaka akakonda sana, ubongo unaweza kupunguza homoni zinazopevusha mayai, na hedhi ikavurugika au ikakatika kabisa. Vilevile wanandoa walionuniana hukutana mara chache kuliko inavyotakiwa. Lakini mambo hayo huonekana kwa macho, na wewe umeniandikia kwamba hedhi yako haibadiliki na homoni zako ni nzuri. Kwa hiyo anayekwambia uache mawazo ndipo utashika mimba anakupenda, sina shaka, lakini anachokwambia kimegeuza sababu kuwa matokeo na matokeo kuwa sababu.

Kusubiri ndiko kunakoleta mawazo. Mwaka 1993 Alice Domar na wenzake nchini Marekani walilinganisha wanawake waliokuwa wakitibiwa ugumba na wagonjwa wa maradhi mengine mazito, wakakuta kwamba dalili za wasiwasi na sonona za wanawake hao zilikaribiana na za wagonjwa wa saratani na za waliokuwa wakijiuguza baada ya matatizo ya moyo. Naamini ungekuwa na saratani, mwanangu, hakuna ambaye angekushangaa kwa kulia. Hapa unafiwa na tumaini kila mwezi, na hakuna anayeweka matanga, hakuna anayekuja kukupa mkono wa pole, na kesho yake unatakiwa uende kazini ukicheka.

Ndiyo maana nakuomba utafute utulivu kwa ajili ya maisha yako mwenyewe, na uache kuutafuta kama dawa ya kupata mimba. Ukiufanya dawa, kila usiku utakaokosa usingizi utauhesabu kuwa kosa jipya, na utazidi kuchoka. Miaka hii unayosubiri ni miaka yako ya ujana, ya ndoa yako na ya kazi yako, na unastahili kuiishi vizuri, mtoto aje mapema, achelewe, au aje kwa njia ambayo leo huifikirii.

Jambo la kwanza la kufanya ni kwenda kwenye kile kipimo cha mirija. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba wanandoa wanahitaji kuchunguzwa iwapo mimba haijaingia baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na kwa mwanamke aliyepita miaka 35 madaktari wengi hushauri isisubiriwe zaidi ya miezi 6. Ninyi mmeshapita hapo muda mrefu. Kipimo hicho hufanywa siku chache baada ya hedhi kukoma, dawa huingizwa kupitia mlango wa kizazi na picha za eksirei hupigwa kuona kama inapita. Wanawake wengi husikia maumivu kama ya hedhi kali yanayokwisha baada ya muda mfupi, na unaweza kumwuliza daktari mapema dawa ya maumivu ya kumeza kabla hujaingia. Mirija inaweza kuziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani, kama kisonono au klamidia, ambayo pengine hayakuonesha dalili yoyote. Najua unachoogopa ni majibu, lakini hofu isiyo na jibu haina mwisho, na nimeona wanawake waliopata habari ngumu wakalala usingizi mzuri kuliko walivyolala walipokuwa hawajui, kwa kuwa sasa kulikuwa na jambo la kuamua.

Sasa nije kwenye vile vipimo vilivyofichwa chini ya kanga. Homoni ambayo kipimo cha mkojo huitafuta huanza kutengenezwa baada ya kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, jambo ambalo hutokea takribani kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kupevuka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 au 30, kipimo cha siku ya ishirini na tano mara nyingi hakina cha kukwambia, hata kama mimba imeingia. Hivyo unajipa huzuni siku kadhaa kabla ya wakati wake, tena mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Ongeza na kule kujikagua mwili: matiti kuuma, uchovu na tumbo kujaa huletwa na projesteroni, homoni ambayo hupanda kila mwezi baada ya yai kupevuka, mimba iwepo isiwepo, kwa hiyo mwili wako katika siku hizo hauwezi kukupa habari hata ukiusikiliza kwa makini kiasi gani.

Ningependa mkubaliane wewe na mume wako kwamba kipimo ni kimoja, kinanunuliwa siku ambayo hedhi imechelewa na si kabla, na mnakitazama pamoja. Usiweke akiba nyumbani. Mazoea ya kuamka gizani hayataondoka kwa mwezi mmoja, nalijua hilo. Ukishindwa mwezi huu jaribu ujao bila kujipiga. Na ile siku ambayo kwa kawaida hedhi huja ipangie kitu mapema, iwe ni kwenda kwa rafiki anayejua habari zako, kupika chakula unachokipenda, au kuomba ruhusa kazini kama una nafasi hiyo, ili ikija isikukute mahali ambapo ni lazima ucheke na watu.

Kuhusu tendo la ndoa, wengi wanaotafuta mtoto hulifanya kazi ya zamu. Mke anahesabu siku, anampigia mume simu arudi, mume anarudi amechoka, asipoweza wote wawili wanaumia. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likitoka huishi si zaidi ya siku moja, kwa hiyo wanandoa wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima huwa wameshazifikia siku zinazotakiwa bila kuhesabu chochote. Kama una programu ya kwenye simu inayokupigia kengele ya siku hizo, unaweza kuifuta. Rudisheni mahaba yasiyo na tarehe. Mlioana kwa sababu mlipendana, na hilo bado lipo.

Halafu mwambie mume wako kwamba unalia. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote niliyoyaandika. Sauti ya maji ya bafuni haimfichi chochote mtu anayelala na wewe. Pengine anasikia na hajui aingie au akae nje, na kila mmoja wenu anamlinda mwenzake kwa kunyamaza hadi mnaishi kama wapangaji wawili. Chagueni saa moja katika wiki, mathalani jioni ya Jumapili baada ya chakula, muwe mnazungumza habari za mtoto, mseme hofu, hospitali na fedha, kisha saa hiyo ikiisha mfunge. Kuliwekea jambo hili mipaka kutakusaidia wewe unayetaka kulizungumza kila siku, na kutamsaidia yeye ambaye huenda anajificha kwa kuhofia kwamba likianza halitaisha.

Kwa wifi yako, nenda. Hujachelewa. Usiende siku ya watu wengi wala usisubiri arobaini. Mpigie simu, nenda asubuhi ya siku ya kazi, peleka khanga au sabuni ya mtoto, kaa nusu saa, mbebe mtoto ukiweza na usimbebe usipoweza. Ukiwa na ujasiri, mwambie wifi yako faraghani kwamba ulishindwa kuja kwa sababu unaumia, wala si kwa sababu humpendi mwanawe. Kuumia kwa kukosa na kumwonea mtu kijicho kwa alichopata ni mambo mawili mbalimbali, na mzazi aliyetoka kujifungua mara nyingi huelewa hilo upesi kuliko wazee wa ukoo. Sherehe nyingine una haki ya kutokwenda. Toa mchango wako, tuma zawadi, usitoe maelezo.

Mama mkwe na mawifi wakiuliza, anayejibu ni mume wako, kwa kuwa ni mama yake na ni dada zake. Aseme, "Tunashughulikia na daktari, kukiwa na habari mtaisikia kwetu," na arudie maneno hayohayo kila anapoulizwa bila kuongeza. Wewe upande wa kwenu fanya vivyo hivyo. Mama yako mzazi mweleze kwa upole kwamba neno la "acha mawazo" linakukosesha usingizi, na umpe kazi nyingine, maana mama anayekuona unataabika hawezi kukaa bila kazi. Mwombe akusindikize kwenye kipimo cha mirija.

Dawa za kusafisha kizazi usiziguse, hasa za kuingiza ukeni, ambazo zinaweza kuunguza na kuleta maambukizi; kizazi chenye afya kinajisafisha chenyewe kila mwezi. Meza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku kama bado hujaanza, kwa kuwa inamkinga mtoto atakayekuja na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Na mambo uliyoyasimamisha ukisema "nikishika mimba itakuwaje," iwe ni masomo, biashara au safari, yaanze.

Umetaja adhana, na katika barua kama yako kuna jambo la imani ambalo siku zote ninalikuta. Dua na sala huwatuliza wengi, nami nakuombea. Lakini akitokea mtu wa kukwambia kwamba unalia kwa sababu imani yako ni haba, usimsikilize. Bibi Hana, mama yake Nabii Samweli, alilia katika nyumba ya ibada mpaka kuhani akamdhania mlevi, na Nabii Zakaria aliomba mtoto akiwa na mvi kichwani. Hakuna aliyewahesabia machozi na maombi yao kuwa ni upungufu wa imani.

La mwisho kwako ni la tahadhari. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hupati usingizi au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, hupendi tena mambo uliyoyapenda, na unajiona huna thamani, hiyo ni sonona na inatibika. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize kitengo cha afya ya akili au ushauri nasaha, na umweleze mhudumu wazi kwamba unatafuta ujauzito ili tiba ichaguliwe kwa kuzingatia hilo. Wazo la kwamba ni heri ufe likikujia, usingoje wiki mbili wala siku mbili; mwambie mume wako leo hii na mwende pamoja. Na msomaji yeyote ambaye tayari anatumia dawa za sonona asiziache ghafla kwa sababu ameanza kutafuta mtoto. Azungumze kwanza na daktari aliyempa.

*Shikamoo mama,*

*Mimi ni mwanamume wa miaka 36, dereva wa lori, nyumbani ni Mwanza. Mwaka wa pili sasa tunatafuta mtoto. Kila mwezi mke wangu analia. Nikinyamaza anasema sijali, nikimwambia Mungu atatupa anakasirika. Sasa daktari anataka na mimi nipimwe. Nguvu zangu za kiume ni nzuri, na kabla ya kuoa kuna binti aliwahi kusema nimempa mimba, kwa hiyo sioni sababu. Ukweli wenyewe ni kwamba naogopa. Nisaidie.*

*Dereva, Mwanza*

Marahaba, baba. Umelisema neno ambalo wanaume wengi hawalisemi, kwamba unaogopa, na kwa hilo nakuheshimu sana. Nikujibu kwanza la kipimo. Nguvu za kiume na mbegu za kiume ni vitu viwili: mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili na manii ya kutosha, lakini ndani ya manii hayo mbegu zikawa chache, dhaifu au zisiwepo, na hakuna awezaye kulijua hilo kwa macho ila kwa darubini ya maabara. Mimba ya zamani nayo haitoi uthibitisho wa leo, kwa sababu maambukizi, mishipa ya korodani iliyovimba, sigara, pombe nyingi na homoni za kujenga misuli zinaweza kuharibu uzalishaji wa mbegu baadaye. Katika takribani nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote ambavyo mkeo ataandikiwa. Utaambiwa usikutane na mwanamke kwa siku 2 hadi 7, kisha utatoa manii kwenye kikopo, basi. Kwa wewe uliye safarini, panga siku hizo kabla hujarudi. Majibu yakiwa mabaya, usiyachukue kuwa hukumu, kwa kuwa mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na kipimo hurudiwa baada ya takribani miezi mitatu ili kuona kama hali ni ileile. Homa kali ya malaria peke yake yaweza kuzishusha kwa muda. Mengi yanatibika, na yasiyotibika yana njia nyingine. Ila fikiria pia hili: mkeo anapochunguzwa peke yake mwezi baada ya mwezi, anabeba jambo la watu wawili kama kosa lake. Siku utakayoingia naye kliniki na kumwambia mhudumu "tumekuja wote kupimwa," utakuwa umempunguzia mzigo kuliko maneno yoyote ya faraja.

Kuhusu kilio chake, unaumia kwa sababu unatafuta neno la kukikomesha na hulipati. Usilitafute. "Mungu atatupa" ni neno la kweli kwa muumini, lakini likitangulia kabla hajamaliza kulia, yeye husikia kwamba mazungumzo yamefungwa. Kaa karibu naye, mwache alie, kisha mwambie lako: kwamba nawe uliuhesabu mwezi huo, kwamba ulipokuwa njiani ulikuwa ukitazama simu ukingoja habari, kwamba unaogopa kupimwa. Nadhani hajawahi kuyasikia hayo, na kwa kutoyasikia ameamua kwamba hujali. Ukiwa safarini, jua tarehe zake, na siku hiyo mpigie wewe kwanza.

Na wewe pia tafuta mtu. Wenzako barabarani huenda wanakutania habari za kuchelewa kupata mtoto, na unacheka nao huku moyoni kunachoma. Kaka unayemwamini, imamu, mchungaji au mshauri wa hospitalini, yeyote kati yao anayejua kutunza siri, anafaa.

*Dada Mkunga, habari za siku nyingi,*

*Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Tanga. Mwanangu wa kiume ameoa na mkewe hajabahatika kupata mtoto. Nampenda huyu mkwe wangu kama binti yangu. Nilimpelekea dawa ya chango kutoka kwa bibi mmoja hapa, hakuinywa, na tangu hapo simu zangu anazipokea kwa unyonge. Nifanyeje ili nimsaidie bila kumuudhi?*

*Mama mkwe, Tanga*

Salama, dada yangu, na asante kwa kuuliza. Mkweo hakuikataa dawa kwa dharau. Ukimpelekea dawa ya chango unakuwa umeshaamua kwamba tatizo liko kwake, na hujui bado. Pengine liko kwa mwanao, pengine liko kwa wote wawili, pengine vipimo havijaonesha kitu. Pia dawa isiyojulikana kipimo chake inaweza kugongana na alizopewa hospitali. Mwambie kwa ufupi tu, "Ile dawa usiifikirie tena, mwanangu, nilikuwa nahangaika kwa ajili yenu."

Kazi yako kubwa iko kwa watu wengine zaidi kuliko kwake. Wewe ndiye unayeweza kuwanyamazisha mawifi na mashangazi kwenye shughuli za ukoo, na ndiye unayeweza kuzima mazungumzo ya mwanao kuoa mke mwingine kabla hayajamfikia. Mwanao mwenyewe mwulize kama ameshapimwa. Kwa kinywa cha mama, swali hilo wanaume wengi hulisikiliza. Mkweo mpigie simu kama zamani, mwulize habari za kazi yake na za bustani yake, msimulie ya huko Tanga, na umwache aamue mwenyewe kama atakutajia habari za mtoto. Akikueleza, msikilize mpaka amalize, usimtajie nani alichelewa miaka mingapi akaja kupata mapacha, kisha mwulize angependa umsaidie nini; na akisema angependa watu waache kumwuliza, basi lianze hilo wiki hiyohiyo kwa binti zako mwenyewe.